Mentholi ya mawe ya Kariakoo: nyota nne, na sababu za kuibania ya tano

Je, mentholi ya mawe inafaa kununua ya kutengenezea dawa ya kuchua na vitu vya nyumbani? Jibu kwanza maana najua wengi wenu hamfiki chini: nunueni, ila nunueni kidogo. Gramu hamsini kama unatengeneza vya nyumbani tu inakaa hadi unaisahau, na ukiona muuzaji anakung'ang'aniza robo kilo ujue anawaza kodi ya fremu yake sio magoti ya baba yako.

Naongelea mentholi tupu jamani. Sio Vicks, sio pipi kifua, sio dawa ya mswaki, ni ile yenyewe inayotiwa humo ndani ikaleta ule ubaridi. Inapatikana kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vipodozi, pale Kariakoo yapo kibao, wengine wanaiita ya mawe wengine ya chenga, ukifungua kopo unakuta vijiti vyembamba virefu havina rangi, vinang'aa, ukivishika vinateleza na kidole kinabaki cha baridi, na ole wako usahau ukajifikicha jicho na kidole hichohicho, hapo ndo utajua hujui.

Duka lenyewe silitaji kwa sababu nina la kulisifia na la kulilaumu. La kusifia ni kwamba kijana ana mzani wa dijitali unaosoma hadi gramu, anaweka kikopo kitupu kwanza anaurudisha kwenye sifuri ndo anamimina, hakuna mambo ya kukadiria kwa kijiko, alafu akanipa na ushauri bila kumuomba: "Dada hii ukifika home hamishia kwenye chupa ya kioo, ukiiacha kwenye nailoni hadi wali utanuka Vicks." Kweli kabisa, harufu yake inapenya nailoni, mkoba wangu mpaka leo ukifunguliwa watu wanauliza nani ana mafua. La kulaumu ni kwamba kopo kubwa analochotea halina lebo. Hakuna jina la kiwanda, hakuna nchi, hakuna tarehe, kuna maka peni tu imeandikwa MENTO. Nikamuuliza kaka hii ni ya mmea au ya kiwandani, akanijibu "hiyo ya India dada" akaendelea kuhesabu chenji. Robo ya nyota nimeikata hapo.

Sasa "ya India" sio jibu baya sana ukijua mambo yenyewe. India ndo wakubwa wa mentholi ya shambani duniani, hasa jimbo la Uttar Pradesh, wilaya ya Barabanki ndo kitovu, wakulima wanapanda mnanaa wa aina yake unaitwa Mentha arvensis, sio ule wa kwenye chai yetu. Wanauvuna wanautia kwenye mitungi mikubwa wanapitisha mvuke, yanatoka mafuta, na mafuta ya mmea huu mentholi imejaa kwa asilimia 70 hadi 80 hivi, kwaiyo wakiyapoza taratibu mentholi inajiganda yenyewe inakuwa vile vijiti. Wanachuja, vijiti vinauzwa bei kubwa, na yale mafuta yaliyobaki nayo yanauzwa, ndo mengi ya yale mnayouziwa kwenye vichupa vidogo "mafuta ya minti". Nayo yana mentholi bado ila imepungua, kwaiyo ukifata resipi ya mtu aliyetumia mawe ukatia hayo mafuta usishangae ubaridi haufiki. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia biashara hii ilikuwa mikononi mwa Wajapani, baadae ikahama hama hadi ikatua India.

Ya kiwandani nayo ipo na wala sio feki, naomba hili lieleweke maana kuna wanawake wenzangu wakisikia "kemikali" wanakimbia. Kampuni ya Takasago ya Japani inaitengeneza tangu miaka ya 1980 kwa kuanzia kwenye kitu kinachotokana na utomvu wa misonobari, kazi iliyotokana na utafiti wa Ryoji Noyori aliyekuja kupata Nobel ya kemia 2001 na wenzake wawili, na Wajerumani nao wanayo yao, Symrise na BASF. Ikifanywa vizuri ni kitu kilekile, mwili hauulizi ilitoka shamba gani. Cha kuangalia ni kwamba mentholi inaweza kutokea kwa maumbo manane, yanafanana fomula ila yamepangwa tofauti, na lenye ubaridi wa maana na ile harufu safi ni moja, ndo linaandikwa L-Menthol. Ukipata duka lenye lebo tafuta hiyo L. Ile iliyochanganyika inaandikwa DL, inapoa kidogo na harufu yake ina kauvumbi fulani hivi sikapendi.

Haya, kama mimi unauziwa bila lebo, utajuaje? Mimi nilipima nyumbani na haihitaji maabara. Chukua kijiti kimoja tupia kwenye glasi ya maji. Mentholi ni nyepesi kuliko maji na haiyeyuki humo, itaelea juu inakutazama. Kuna chumvi ya Epsom, ile ya kulowekea miguu, nayo ina vijiti vinavyong'aa na kwa macho unaweza kupigwa mchana kweupe, lakini yenyewe inazama na ukikoroga inapotea. Ya pili weka kijiti kwenye kijiko cha chuma, kipashe juu ya mvuke wa sufuria, sio kwenye moto wenyewe, mentholi itakuwa maji haraka sana maana inayeyuka kwenye nyuzi 42 hadi 45 tu, ukiendelea kuipasha inaondoka yote kijiko kinabaki kitupu. Kikibaki na unga mweupe mrudishie mwenyewe. Yangu ilielea, ikayeyuka, ikaondoka, kwaiyo kwa usafi sina ugomvi na yule kijana.

Hiyo nyuzi 42 ndo inakuletea shida nyingine, nayo ni joto la Dar. Ukiacha kopo kwenye gari lililopaki juani ukirudi unakuta mafuta, likipoa linaganda bonge moja gumu la kuchokonoa kwa kisu. Haijaharibika, ila kupima gramu moja kutoka kwenye bonge ni adhabu. Na hata ndani ya nyumba haitulii, inapanda hewani pole pole bila kuyeyuka, ukiacha chupa wiki mbili tatu bila kuigusa fungua uangalie chini ya kifuniko, utakuta vinyweleo vyeupe vimeota kwenye plastiki, hiyo ni mentholi imehama kutoka chini ikajijenga upya juu. Mimi huwa nakwangua narudisha, hela yangu hiyo.

Matumizi sasa. Kubwa kwangu ni dawa ya kuchua ya mzee, magoti. Nachanganya kwa uzito, kwenye gramu 100 naweka mafuta ya nazi 70, nta ya nyuki 18 (ile ya Tabora ya njano, inanuka asali), mentholi 5, kafuri 4, mafuta ya mkaratusi 2 na mafuta ya karafuu 1. Nta na nazi ziyeyuke kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji, epua, subiri ipungue moto wake ila isianze kuganda, ndo utie mentholi na wenzake. Ukitia ikiwa jikoni bado nusu inapotelea hewani na nyingine inaingia machoni mwako, jiko zima linalia.

Kuna kitu kimoja kwenye hii resipi lazima mkione kwa macho, hata kama hamtengenezi dawa. Weka vijiti vya mentholi kwenye kisahani, vunjia kafuri pembeni, vyote vikavu kabisa, alafu vichanganye kwa kijiko. Havihitaji moto wala maji. Vinaanza kulowana, vinakuwa kama vinatoa jasho, baada ya muda mfupi kisahani kina kimiminika kisicho na rangi na vitu vikavu vimekwisha. Mdogo wangu alidhani nimemwagia spiriti. Sababu ni kwamba kila kimoja kinamvurugia mwenzake mpangilio, wakiwa pamoja kiwango cha kuyeyuka kinashuka hadi chini ya joto la chumba, na wafamasia wanaijua sana hii. Kwa vitendo maana yake ni usiviweke kopo moja ukidhani unapanga vizuri kabati, na ukitaka kutengeneza dawa bila moto mwingi anza na hapo, kimiminika kikishakuwa tayari unamimina tu kwenye mafuta.

Hiyo 5 kwa 100 sio ya kubahatisha. Wamarekani kwenye kanuni zao za dawa za kupaka wanaweka mentholi kati ya asilimia 1.25 na 16 kwa maumivu ya misuli na viungo, na kwa muwasho wa ngozi wanashuka chini kabisa, 0.1 hadi 1. Vicks ya kule imeandikwa 2.6 kwenye lebo. Sasa wewe unaona mtu anaandika weka vijiko vitatu vya mawe kwenye kopo dogo la mafuta ya mgando, hiyo inafika 20 na kitu huko, na ikizidi ubaridi unageuka moto, ngozi inawaka nyekundu. 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu watu walioungua, wachache lakini wengine vibaya, kwa hizi dawa za kuchua za madukani zenye mentholi nyingi. Kwaiyo ukishapaka usifunge bandeji ya kubana, usiweke chupa ya maji ya moto juu yake, na mzee wangu nimemkataza ile tabia ya kupaka alafu anajikanda na kitambaa cha moto "iingie vizuri". Itaingia kweli baba, ila na ngozi itatoka.

Je inatibu goti? Hapana, na hapa ndo nyota ya tano ilipoishia, japo sio kosa la mentholi ni kosa la tunavyoisimulia. Inachofanya ni kudanganya neva. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu ya ngozi kuna protini inaitwa TRPM8, kazi yake ni kuripoti baridi, mlango wake hufunguka joto likishuka chini ya nyuzi 26 hivi, na mentholi ina ufunguo wa mlango huohuo. Inaufungua, ubongo unaambiwa huku kuna baridi, wakati ukiweka kipimajoto kwenye ngozi hakijasogea. Timu mbili zilikipata kitu hiki 2002, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, na 2021 hao wawili wakapewa Nobel ya tiba, Julius kabla ya hapo alishaanza na pilipili, ambayo yenyewe inafungua mlango wa jirani wa moto. Ndo maana ukila pipi kifua alafu ukanywa maji ya mtungini yanakuwa kama yametoka friza. Ubongo ukiwa bize na taarifa ya baridi maumivu yanasikika kidogo, mzee anainuka anaenda msikitini bila kulalamika, mimi hiyo inanitosha. Ila goti ni lilelile na hospitali anaenda vilevile.

Na pua hivyohivyo. Watu walishapima hewa inayopita puani kabla na baada ya kunusa mentholi, hewa haikuongezeka, uvimbe uko palepale, kilichobadilika ni kwamba mtu anahisi imefunguka. Sisemi msitumie, ukiwa na mafua usiku ile hisia tu inakulaza. Kwenye kujifukiza mimi natia kijiti kimoja, kidogo, kwenye beseni la maji yaliyotulia kidogo, macho nimefumba. Wale mliozoea nyungu ya mikaratusi na mchaichai, hasa tangu ile 2020 ya korona, tafadhali msihamishie vipimo vya majani kwenye mawe. Konzi la majani ni sawa tu, konzi la mentholi utakimbia umeacha shuka.

WATOTO WADOGO HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu najua tulivyolelewa, mtoto akikoroma kidogo bibi ameshapaka chini ya pua. Vicks wenyewe wameandika sio kwa walio chini ya miaka 2. Mentholi kwenye pua ya kichanga inaweza kumfanya koo libane au asite kupumua, njia zake za hewa ni nyembamba hana pa kupumulia pengine. Na kuna jambo la damu pia, watu wetu wengi wa ukanda wa malaria wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, bila kujua, na Nigeria tangu 1980 madaktari walishaandika kuonya juu ya ugonjwa wa manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) kwa vichanga wenye upungufu huo wanaopakwa vitu vyenye mentholi. Kwaiyo kitovu, kifua, pua, popote pa kichanga, weka kopo lako juu ya kabati. Bibi atanuna, atazoea.

Nilikofurahia zaidi ya nilivyotegemea ni kichwani. Ukisuka rasta za kubana ile wiki ya kwanza kichwa kinawasha hadi unajipiga makofi hadharani kama mwehu. Gramu 1 ya mentholi kwenye mililita 200 za mafuta, mimi natumia nazi iliyochanganywa na mnyonyo kidogo, chupa yenye mdomo mwembamba, unapitisha kwenye mistari tu. Hiyo ni nusu asilimia, muwasho unakata, na haichomi. Ukitaka kuiweka kwenye ile chupa ya kupulizia yenye maji, utaona vijiti vinaelea tu, iyeyushe kwanza kwenye spiriti kidogo na hata hapo tikisa kila mara. Na tafadhali hii habari ya kwamba inaotesha nywele, kichwa kikisisimka haina maana nywele zinaota, mnauziwa msisimko.

Sabuni, nilitia kwenye ya maji ya kuogea, ni raha kwa joto la mwezi wa pili lakini unamaliza mentholi yako inaenda kwenye bomba la maji machafu. Na asikudanganye mtu ukaoge nayo maeneo ya siri, mimi nimeshasema. Poda ya harara bora ununue iliyotengenezwa, kusambaza mentholi sawasawa kwenye unga mkavu nyumbani ni kazi isiyo na faida, unapata sehemu kali na sehemu hamna kitu.

Chai msitie. Najua mtu atauliza. Kwanza kali mno kupima kwa mkono, pili ladha ya chai ya mnanaa ya Unguja haitokani na mentholi, mnanaa ule wa kwenye makopo ya uwani una kitu kingine kinaitwa kavoni, ndo maana unanukia vizuri lakini koo haligandi. Na kavoni ina maajabu yake, ina umbo pacha lililogeuzwa kama kwenye kioo, na hilo pacha linanukia kisibiti! Fomula moja, ukigeuza upande unatoka kwenye chai unaingia kwenye mkate. Basi kwa chai chumeni majani.

Bei siandiki, inacheza na dola, mtanirudia na risiti. Ila ukilinganisha na dawa za kuchua za dukani, kwa anayetengeneza mara kwa mara inalipa, kwa anayetaka kopo moja la mwaka nunua Tiger Balm yako yenye kichupa cha pembe sita ulale, humo kuna mentholi, kafuri na hata mafuta ya karafuu, na hutopoteza Jumamosi ukisugua nta kwenye bakuli. Nta iliyoganda inaoshwa kwa maji ya moto sana na gazeti, usiimwage kwenye sinki.

Nitarudi dukani kwake, ila safari hii naenda na chupa yangu ya kioo na nitamuomba anionyeshe mfuko ule mkubwa ulioingia nao mzigo. Lebo itakuwa huko.